HAKI ZA MTU ALIYEUMIA KATIKA ENEO LA CHAMA, NA HATUA ZINAZOFUATA

Zamani mali ya chama cha msingi ilikuwa ghala, mizani na daftari. Siku hizi vyama vingi vina zaidi ya hayo. Katika Mkoa wa Kigoma vipo vyama vyenye mashine za kumenyea kahawa, vipo vyenye mitambo ya kukamulia mawese, vipo vyenye mashua na gati dogo la kupakulia dagaa, na vipo vyenye ukumbi na kiwanja kinachokodishwa siku za arusi na sikukuu. Siku ya Idi au Krismasi kiwanja cha namna hiyo hujaa watoto. Mkodishaji huleta bembea na trampolini, yaani kitambaa kigumu kilichotandazwa kwa springi, ambacho watoto hulipia ili wapate kurukaruka juu yake.

Mapato ya namna hiyo ni halali na hukisaidia chama. Hata hivyo, anayewafungulia watu mlango hubeba pia dhima juu yao, maana yake ni kwamba mtu akiumia kwa sababu ya uzembe wa mwenye mahali, mwenye mahali aweza kutakiwa kumlipa. Jambo hili huwagusa wanachama kwa pande mbili. Leo mwanachama ni mmoja wa wenye gati. Kesho mtoto wake ndiye aliyevunjika mkono katika kiwanja cha watu wengine. Kwa hiyo yapasa kila mwanachama, na hasa kila mjumbe wa Bodi, ajue sheria inasemaje, pande zote mbili. Maelezo yanayofuata yanahusu sheria za Tanzania Bara.

ALIUMIA AKIWA NANI?

Aghalabu swali la kwanza linaloulizwa baada ya ajali ni "Nani mwenye makosa?" Swali hilo ni muhimu, lakini hutanguliwa na jingine: aliyeumia alikuwa nani mahali pale, na alifika kwa shughuli gani?

Na ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba ubao mmoja wa gati la chama cha wavuvi umeoza. Ubao huo waweza kumwangusha mpakuzi anayelipwa mshahara na chama. Waweza kumwangusha abiria anayeshuka katika boti iliyotoka Kagunga. Waweza pia kumwangusha mama aliyekuja kununua dagaa ili akauze sokoni Mwandiga. Wote watatu wamevunjika mguu, na maumivu yao ni mamoja. Lakini sheria humpeleka kila mmoja kwenye mlango wake, na kila mlango una masharti yake na muda wake. Wengi hupoteza haki zao kwa sababu walibisha mlango usio wao mpaka siku zikapita.

MFANYAKAZI

Mpakuzi yule analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kupokea michango ya waajiri tarehe 1 Julai 2015. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Ni marufuku kumkata mfanyakazi hata senti moja. Kwa waajiri wa sekta binafsi kiwango kilikuwa asilimia 1 ya mishahara hapo mwanzo, kisha kikapunguzwa mwaka 2021 na tena mwaka 2022 hadi kufikia asilimia 0.5. Chama cha ushirika chenye karani mmoja na mlinzi mmoja ni mwajiri, na hapana budi kijisajili katika Mfuko.

Ubora wa mlango huu ni kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Yatosha aonyeshe kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini. Akishakubaliwa, Mfuko hugharimia matibabu, na kwa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi humlipa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari hupima kiwango chake. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja; ukizidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Akifariki, yapo malipo ya mazishi na ya wategemezi.

Masharti ya muda ni haya. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, ampe mwajiri habari ya ajali mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye apeleke taarifa kwenye Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipopata habari. Madai yenyewe yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Katibu wa chama anayeifungia taarifa mezani kwa kuogopa lawama huvunja sheria, na humdhulumu mwenzake.

Lipo suala la vibarua na wavuvi wa kugawana mapato. Mwenye mashua huweza kusema, "Hawa si wafanyakazi wangu, tunagawana samaki." Maneno hayo hayamalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, yasema kwamba mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata alama moja kati ya kadhaa zilizotajwa. Miongoni mwake ni kufanya kazi kwa kuelekezwa na mwingine, kutumia vifaa vya mwingine, kumtegemea mtu mmoja kwa riziki, na kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Mvuvi anayeingia ziwani kwa mashua, nyavu na taa za tajiri, kwa saa anazopangiwa na tajiri, asikubali upesi kuambiwa kwamba hana mwajiri. Na chama chenye mashua kiandike mikataba kabla ya ajali, ili kisije kikabishana na wajane baada yake.

ABIRIA

Abiria ana uhusiano na mwenye chombo kwa sababu amelipa nauli. Mwenye boti huwajibika kumfikisha salama kwa uangalifu unaostahili, na hiyo ni pamoja na kumpandisha na kumshusha. Ubao wa gati ukivunjika wakati wa kushuka, abiria aweza kuwa na madai kwa mwenye boti, kwa mwenye gati, au kwa wote wawili kwa pamoja. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ambalo lilianza kazi mwaka 2018 na kurithi shughuli za majini zilizokuwa za SUMATRA. Boti isiyo na cheti, au iliyopakia kupita kiasi, humpa mdai hoja nzito.

Udhaifu mkubwa wa abiria ni ushahidi kwamba alikuwamo. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipotea, na orodha ya abiria haikuwa kamili. Familia nyingi ziliachwa na huzuni pamoja na kazi ya kuthibitisha kwamba ndugu yao alikuwa ndani ya meli. Katika boti za mwambao wa Tanganyika tatizo ni lile lile: nauli hutolewa mkononi na safari huanza alfajiri. Abiria aombe tiketi yenye tarehe. Chama chenye boti kiandike jina la kila anayepanda, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu.

Kwa barabara, kila gari linalotembea lazima liwe na bima ya kuwalinda watu wengine, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Lakini mkulima anayepanda juu ya magunia katika lori la mizigo asidhani kwamba bima hiyo itamhudumia bila swali. Chama kisiwapakie wanachama juu ya kahawa, hata kama ni kwa wema wa kuwasaidia nauli.

MGENI NA MLIPA KIINGILIO

Anabaki yule mama aliyekuja kununua dagaa. Kundi lake ndilo kubwa kuliko yote: wanunuzi sokoni, waalikwa ukumbini, mafundi wanaokuja kutengeneza paa, na watoto waliolipiwa kiingilio kwenye bembea na trampolini. Mama huyu hana Mfuko wa kumlipa. Mlango wake ni shauri la madai ya uzembe.

Hakuna sheria moja iliyotungwa na Bunge la Tanzania mahususi kwa wenye majengo na wageni wao, tofauti na Kenya ambako ipo. Huku Bara msingi wake ni sheria za kawaida za Uingereza zilizopokewa nchini, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na maamuzi ya mahakama zetu tangu hapo. Kanuni yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1866 mahakama ya Uingereza iliamua shauri la fundi wa gesi aliyefika katika kiwanda cha sukari kukagua kazi ya gesi, akatumbukia katika tundu lililoachwa wazi bila uzio. Mwenye kiwanda alijitetea kwamba tundu hilo lilikuwa la lazima kwa shughuli zake. Mahakama ilisema kwamba mtu aliyefika kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye mahali ana haki ya kutazamia kwamba mwenyeji atachukua uangalifu wa kutosha, ili mgeni asidhurike kwa hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenyeji anaijua, au ilimpasa kuijua.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa kwa vyama. Kamati isiyokagua gati haiwezi kujitetea kwa kusema, "Hatukujua kwamba ubao umeoza." Kutokagua kwenyewe ni uzembe.

Mdai anatakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mwenye mahali alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba wajibu huo ulivunjwa, kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikoleta jeraha, na kwamba jeraha limemletea hasara. Akishindwa jambo moja, shauri lote huanguka. Kuumia peke yake hakutoshi. Mtu aliyeteleza kwenye gati zima, kavu na lenye uzio aweza kustahili pole, lakini hana madai.

Pale kiwanja kinapokodishwa, huulizwa nani alikuwa na mamlaka juu ya kilichomdhuru mtu. Springi ya trampolini ikikatika, wa kwanza kuulizwa ni mwenye trampolini. Nguzo ya uzio wa kiwanja ikianguka, wa kwanza kuulizwa ni chama. Mdai aweza kuwashtaki wote wawili na kuiachia mahakama igawe mzigo.

Mahali pakiwa pa Halmashauri, au pa shirika la umma kama vile bandari, utaratibu hubadilika. Kwa mujibu wa Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ambayo mwaka 2020 ilipanuliwa ili izijumuishe serikali za mitaa na mashirika ya umma, mdai hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala humfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali ambaye huunganishwa katika shauri, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ina masjala yake mjini Kigoma. Asiyejua hili hufungua shauri mahali pasipo pake, likaondolewa, akaanza upya ilhali siku zinapungua.

WATOTO NA TRAMPOLINI

Trampolini huonekana kama mchezo mwepesi, lakini hatari yake ina sababu inayoelezeka. Watoto wawili wenye uzito tofauti wakiruka pamoja, kitambaa kikirudishwa juu na kishindo cha mkubwa humpokea mdogo kwa nguvu asiyoweza kuihimili. Ndiyo maana majeraha mengi hutokea wanaporuka zaidi ya mmoja, na mdogo ndiye anayevunjika. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimetoa tahadhari juu ya mchezo huu kwa miaka mingi, na kimeeleza kwamba watoto wa chini ya miaka 6 wako katika hatari kubwa zaidi. Basi mwenye trampolini anayepandisha watoto kumi kwa mpigo ili kupata fedha upesi atakuwa na kazi ngumu ya kuieleza mahakama kwamba alikuwa mwangalifu.

Sheria haimtazamii mtoto awe na tahadhari ya mtu mzima. Mwenye mahali anayewaalika watoto ajue kwamba watoto hukimbia, husukumana na hupanda wasipoambiwa. Mtoto chini ya miaka 18 hafungui shauri mwenyewe. Hufunguliwa na mzazi au mtu mzima mwingine kwa jina la mtoto, akiwa rafiki wake wa karibu mbele ya sheria.

MWENYE JERAHA NAYE AKIWA NA KOSA

Wengi huacha kudai kwa kuambiwa, "Na wewe ulikuwa unakimbia." Kosa la aliyeumia halifuti madai yake. Sheria ya Marekebisho ya Sheria kuhusu Ajali za Vifo na Mambo Mengineyo, Sura ya 310, huiruhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wa mdai katika kosa. Ikiwa mahakama yaona robo ya kosa ni ya mdai, hupunguziwa robo na hupewa zilizobaki. Sheria hiyo hiyo huwapa mke au mume, wazazi na watoto wa marehemu njia ya kudai pale uzembe unaposababisha kifo.

MATANGAZO NA HATI ZA KUSAMEHE

Kwenye malango mengi hubandikwa tangazo: "Uongozi hautawajibika kwa ajali yoyote." Tangazo hilo lisimkatishe mtu tamaa. Mahakama huangalia kama liliwekwa mahali ambapo mtu aliliona kabla ya kulipa, na kama maneno yake yako wazi. Mtoto hana uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, na kusoma tangazo hakumfanyi awe mtu mzima. Tangazo lenye manufaa kwa chama ni lile linaloonyesha hatari yenyewe: "Ubao umeoza, usipite." Na lenye manufaa zaidi ni kamba iliyofungwa ili asipite mtu, mpaka fundi amalize kazi.

Jambo la hatari zaidi ni hati inayoletwa hospitalini. Mgonjwa yuko kitandani, hana fedha za dawa, na mtu humletea kiasi kidogo pamoja na karatasi isemayo kwamba amelipwa na hatadai tena. Akishatia sahihi au dole gumba, karatasi hiyo huwa mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huruhusu mkataba ulioingiwa kwa kulazimishwa au kwa udanganyifu kutenguliwa, lakini kuthibitisha hayo ni kazi kubwa kuliko kukataa kutia sahihi. Mgonjwa asitie dole gumba kabla daktari hajasema jeraha litaishia wapi. Mfupa unaodhaniwa utaunga kwa wiki sita waweza kumwacha mtu na kilema cha maisha.

Hapa ipasavyo kutenganisha fidia na pole. Mwambao mzima wa Kigoma na Ujiji, kumjulia hali mgonjwa ni wajibu wa utu. Wapo viongozi wanaoogopa kwenda hospitalini wasije wakaonekana wamekiri kosa. Hofu hiyo haina msingi. Kumtembelea mtu, kumpelekea uji na kumchangia nauli si ushahidi wa uzembe. Msaada wa fedha uandikwe kuwa ni pole, usiofuta haki ya upande wowote, na pande zote zitabaki salama.

MUDA WA KUDAI

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971, yatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe, kuanzia siku haki ya kudai ilipozaliwa, ambayo kwa kawaida ni siku ya ajali. Miaka hiyo ikipita, mahakama hulitupa shauri bila kusikiliza habari za mguu uliovunjika. Kwa mtoto muda hauanzi kuhesabiwa mpaka afikapo utu uzima, lakini mzazi asingoje, kwa maana mashahidi huhama na gati hujengwa upya.

Wanachama waelewe kwamba mazungumzo hayasimamishi muda. Wapo watu walioahidiwa na wenye mahali, "Njoo mwezi ujao," mpaka mwaka wa nne ukaingia. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda kwa kiasi kisichozidi nusu, lakini hilo si jambo la kulitegemea. Sulhu iendelee, na huku tarehe ya mwisho iwe imeandikwa ukutani.

HATUA ZA KUFUATA

Aliyeumia, au ndugu zake, wafuate utaratibu huu:

1. Tiba kwanza. Majeruhi apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Polisi wapewe taarifa na itolewe fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Fomu hiyo ni ushahidi wa mapema. Nakala yake ihifadhiwe.

2. Taarifa ya maandishi kwa mwenye mahali, yenye tarehe, saa, mahali na jinsi ajali ilivyotokea. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mfanyakazi amtaarifu mwajiri siku hiyo hiyo ikiwezekana.

3. Ushahidi wa mahali. Picha za ubao, springi au ngazi zipigwe kabla ya kutengenezwa. Majina na namba za simu za mashahidi watatu au wanne ziandikwe kabla hawajatawanyika.

4. Stakabadhi za kila gharama: dawa, eksirei, nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, pamoja na kumbukumbu za mapato yaliyopotea. Sheria hugawa fidia sehemu mbili. Fidia ya jumla, kwa mfano ya maumivu, hukadiriwa na mahakama. Hasara maalumu, yaani fedha zilizokwisha kutumika, hapana budi itajwe na kuthibitishwa moja baada ya nyingine, kama Mahakama ya Rufani ilivyosisitiza mwaka 1992. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na fidia ni vivyo hivyo.

5. Ushauri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amwendee msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya mwaka 2017. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Halmashauri huweza kumwelekeza.

6. Barua ya madai, ikieleza kosa, jeraha, kiasi kinachodaiwa na siku za kujibu.

7. Sulhu au mahakama. Maafikiano yaandikwe mbele ya mashahidi, yakitaja kiasi na tarehe za kulipa. Yakishindikana, shauri la uzembe kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, hivyo mwananchi aweza kuyafuata maneno ya shauri lake mwenyewe.

Ikumbukwe kwamba kesi ya jinai ni jambo jingine. Mwenye boti akitozwa faini kwa kuzidisha abiria, faini huenda serikalini. Abiria aliyeumia bado hana budi kudai chake.

WAJIBU WA CHAMA

Chama cha ushirika kina nafsi ya kisheria. Chaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Hukumu ya fidia hulipwa kutoka mfuko wa wanachama wote, yaani kutoka kahawa na dagaa wa kila mmoja. Hakuna Mkutano Mkuu unaoweza kwa kura kuifuta haki ya mtu aliyeumia. Linalowezekana ni kuzuia ajali na kujiandaa kwa itakayotokea.

Bodi ya kila chama yafaa itimize haya kabla ya sikukuu ijayo. Ateuliwe mtu mmoja wa kukagua gati, ghala, mtambo na kiwanja kila mwezi, na matokeo yaandikwe katika daftari la ukaguzi. Mahali pa kazi pasajiliwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wafanyakazi wote waandikishwe katika Mfuko wa Fidia. Mkataba wa kukodisha kiwanja utaje nani anakagua vifaa, nani anasimamia watoto na idadi yao kwa zamu, na nani amekata bima ya dhima kwa watu wengine. Mwisho, liwepo daftari la ajali, ambamo kila tukio litaandikwa siku hiyo hiyo, pamoja na yale yasiyokipendeza chama.

Huenda wengine wakaona kwamba kuandika ajali ni kujitafutia kesi. Kinyume chake ndiyo kweli. Daftari la ukaguzi lililojazwa kwa uaminifu ndilo utetezi wa chama kilichotimiza wajibu wake. Na pale ambapo chama kimekosea, daftari humwezesha aliyeumia kulipwa stahili yake upesi, bila ya familia yake kuuza shamba kwa ajili ya matibabu. Mara nyingi aliyeumia ni mwanachama, au mke wake, au mtoto wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ubao wa gati ni wa bei ndogo kuliko mguu wa mtu.